Redio Niliyoingia Nayo Porini

Ipo siku moja ya mvua za kwanza ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na ujumbe wako ndio umeiamsha. Unasema chuo kikifunga hapo Kasulu, wewe na wenzako mtapanda milima na kulala kwenye mahema siku mbili. Unaniuliza kama kweli mnahitaji simu, spika, taa za chaji na saa ya kuhesabu hatua. Hatua zako unazihesabu za nini? Haya, nisikilize.

Nilikuwa mke mpya huku Kitahana. Mume wangu alikuwa na redio ya betri, na siku hiyo niliibeba kwenda kutafuta uyoga na wifi yangu, Sesilia. Porini kwetu watu hawaongozani kama mbuzi. Kila mtu anainama upande wake, na kila baada ya muda mmoja anaita "Huuu!", mwenzake anaitika. Ukiitika, anajua ulipo na kwamba u mzima.

"Wifi, zima hicho kidude," Sesilia aliniambia. "Uyoga hautoki kwa muziki."

Nikacheka. Nilijiona wa mjini. Kikapu kilipojaa nikakaa juu ya kichuguu, nasikiliza watu nisiowajua wakitumiana salamu. Betri zikachoka, pori likawa kimya. Nikaita. Hakuna jibu. Nikasema moyoni, huyu amekasirika, ameshaondoka. Nami nikarudi nyumbani.

Mama mkwe alinitazama mara moja tu. "Mwenzako yuko wapi?"

Wanaume walimkuta jioni, ametumbukia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba kutafuta mchwa, mguu umevunjika, sauti imemkauka kwa kuniita. Mama mkwe akakisukuma kikapu changu kwa mguu.

"Uyoga huo kaipikie redio yako, mle wawili."

Mguu uliunga vibaya. Sesilia hakunigombeza. Tulisalimiana, tukapalilia maharage shamba moja, tukazaa, tukazeeka. Lakini porini hakuingia tena nami, hata mguu ulipopata nguvu. Alikwenda na wengine. Mimi nilikwenda peke yangu, na mpaka leo naenda peke yangu, nainama, naokota, sifungui mdomo, maana nimwite nani? Tulimzika mwaka juzi. Nilitaka kumwomba msamaha vizuri, siyo ule wa kupita njiani, nikawa naahirisha.

Sasa jibu langu. Simu chukua, ila ukae nayo imezimwa na chaji imejaa, ukijua kwamba huko mabondeni mtandao haushiki. Tochi chukua, nyoka hawana masihara. Spika na vile vya kuziba masikio viache kitandani, hata wenzako wakikuita mshamba. Kabla ya kupanda, mwambieni mtu wa kijiji cha karibu mnapita wapi na mnarudi lini. Mwambieni kwa mdomo, akiwatazama usoni. Na mwenzako akinyamaza, mwanangu, usijijibie kwa niaba yake. Usiseme amekasirika, usiseme ametangulia. Mfuate mpaka umwone kwa macho. Ukimkuta mzima akakucheka, shukuru, ucheke naye.

Mungu awatangulie kila mnapokanyaga, awape maji safi na usingizi mzuri, na awarudishe kwa idadi ileile mliyoondoka nayo.