Mama Mkwe Apewa Daraja la Biashara

Mama mkwe wangu alikwenda Marekani kwa miezi mitatu kumwona mjukuu wake mchanga, mtoto wa shemeji yangu. Alikaa mwaka mmoja na nusu. Mtoto akaota meno, akatembea, akaanza kujibizana na wakubwa, na bibi yake bado yuko palepale Texas akingoja ndege ya kumrudisha kwetu Sydney, Australia.

Nikiri kwamba mwanzoni sikuumia sana. Nyumba yetu ya Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, ina vyumba vitatu, na mama mkwe akiwepo hujaza vinne. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akikaa na watoto wetu wakati mke wangu yuko zamu kwenye nyumba ya wazee, nami niko ghalani napanga maboksi. Alipoondoka, mimi na mke wangu tukawa tunapishana mlangoni kama askari wa lindo. Korona ilipotimiza mwaka, nilikuwa namwombea mama mkwe arudi, kwa machozi ambayo mke wangu aliyachukulia kuwa ya mapenzi.

Serikali ilikuwa imefunga mipaka. Wenye pasipoti ya Australia waliruhusiwa kurudi, ila wachache tu kwa kila ndege. Mama anayo pasipoti. Siku aliyokula kiapo cha uraia alipewa mche wa mti wa kienyeji, akaupanda uani, na hataki mtu mwingine aumwagilie maji. Tulidhani hilo linatosha.

Tiketi ya kwanza ilifutwa siku mbili kabla ya safari. Ya pili ilifutwa yeye akiwa foleni uwanjani na masanduku mawili. Ya tatu ilipofutwa nilipiga simu kwa shirika la ndege.

"Abiria wa daraja la kawaida wamepunguzwa," alisema dada wa simuni.

"Na wa daraja la biashara?"

"Hao wanasafiri kama kawaida."

Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama kirusi huogopa viti vipana. Akaniwekea muziki.

Ndipo nikaenda kwa wakala wa tiketi, mtu wa kwetu, aliyekuwa na ofisi Parramatta kabla ya korona. Sasa alifanyia kazi gereji ya nyumbani kwake, kati ya baiskeli na mashine ya kufulia, amevaa tai na kaptula.

"Ndugu yangu, usitafute tiketi moja," alisema. "Siku hizi daraja la biashara kutoka Marekani hadi Ulaya limeshuka bei, maana matajiri wamejifungia ndani. Mpeleke kwanza Amsterdam. Kutoka pale mnunulie nyingine hadi Sydney."

"Hiyo nyingine nayo ni rahisi?"

"Hiyo itakuliza."

"Basi hadi Amsterdam aende daraja la kawaida."

"Wakimwacha Texas, na ya pili imekufa. Mwenye kiti kipana haachwi."

Akiba ya kununulia gari ikaishia hapo. Asubuhi ileile nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Tumekupatia daraja la biashara."

"Marahaba, baba. Biashara gani? Mimi siuzi kitu."

"Ni jina la kiti tu, mama. Kinakunjuka, kinakuwa kitanda."

"Nunua cha kukaa. Kambi ya wakimbizi Kigoma nilikaa juu ya dumu la mafuta miaka kumi na minne, sikufa."

"Cha kukaa hawakikubali."

"Kumbe. Walipotutoa kambini kutuleta Australia walisema wanachukua wenye shida. Sasa wanachukua wenye viti?"

Nikamtajia saa ya ndege.

Alipofika Amsterdam alinipigia kwa video kutoa taarifa. Alikuwa amepewa pajama, akaivaa juu ya kitenge. Mhudumu alimletea divai mara tatu, naye mara tatu akaomba chai ya maziwa. Hakulala hata dakika moja, kwa sababu hakuamini kwamba kitanda hakilipiwi tena mtu akishalala.

Kisha akageuza simu. Kando yake alikuwa dada mmoja Mkongo na mtoto mgongoni. Mama alimsikia akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili, akamfuata. Dada yule anaishi Macquarie Fields, Sydney hiihii. Alikuwa amekwenda kumzika baba yake, na siku hiyo alikuwa ameondolewa kwenye ndege kwa mara ya nne. Tiketi yake ilikuwa ya daraja la kawaida.

"Zungumza na huyu kijana wa kaunta," mama aliniamuru. "Mwambie dada huyu achukue nafasi yangu. Mimi nitangoja."

Nikatafsiri. Kijana wa kaunta, barakoa hadi machoni, akasema kiti hakihamishwi kwa mtu mwingine.

"Mwambie basi tutabanana. Si wanasema ni kipana?"

Hilo nalo nikalitafsiri, neno kwa neno. Kijana akasema ni suala la usalama. Dada yule akaanza kulia, na mama mkwe, ambaye sijawahi kumwona akilia, akampa pajama ile afutie machozi, akachukua namba yake ya simu, akapanda ndege peke yake.

Ndege ilipokuwa hewani alifungua pazia la nyuma akaenda kutazama. Aliniambia hayo siku ya kwanza ya karantini, akiwa kwenye hoteli ya mjini yenye polisi mlangoni na dirisha lisilofunguka.

"Huko nyuma kweupe, baba. Mstari baada ya mstari, mikanda imefungwa juu ya hewa. Na yule mtoto yuko Ulaya analala sakafuni."

Nilitegemea angepumzika siku zile kumi na nne. Badala yake kila asubuhi, chai haijapoa, simu inaita: "Umempatia ndege?" Sikuulizwa kama naweza. Nikawa mshauri wa tiketi bila mshahara, mimi na wakala wangu wa gerejini, tukisaka nafasi moja na nusu. Mama alishakuwa nyumbani majuma kadhaa tulipompatia dada yule nafasi kwenye ndege iliyokodiwa na serikali. Ilitua Darwin, kaskazini mwa Australia, akakaa karantini huko, kisha akaja Sydney.

Jumapili moja, watu waliporuhusiwa tena kutembeleana, alikuja kwetu kwa treni. Mama mkwe alikuwa amepika tangu alfajiri maharage, ndizi na samaki wa kukaanga. Watoto wetu wakamsalimu mgeni kwa Kiingereza, wakakemewa, wakasalimu upya kwa Kiswahili, wakatoweka na mtoto wake.

"Sasa nieleze," mama mkwe alimwambia, "mlimzikaje baba?"

Kumbe katika muda wote wa foleni na simu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Dada akaweka kijiko chini, akaanza kusimulia. Nikafunga mlango wa jikoni polepole, nikawaacha.