Kiraka Kwenye Gego la Modesta

Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, dagaa hawapimwi kwa macho. Macho hudanganywa mchana kweupe. Mnunuzi anayeijua kazi huchota dagaa mmoja katikati ya gunia, akamweka kwenye gego na kumbana. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akilegea, ataoza safarini. Akikwaruza, ameanikwa mchangani. Modesta alirithi kazi hiyo kwa mama yake, na alimwona mama yake akipoteza magego moja baada ya jingine, mpaka akawa anaomba wenzake wamwonjee. Walimwonjea vibaya, tena makusudi, wakamuuzia mchanga. Biashara ikamfia mikononi.

Magego ya kushoto ya Modesta yalikwisha kung'olewa. Ndiyo maana lile la mwisho kulia alilitunza kama mboni ya jicho. Lilizibwa zamani, ukingo wa dawa ukabanduka, na mzee Luhaga, tabibu wa meno kule Nyakato, hakuling'oa wala hakubomoa dawa yote. Alichonga pembe iliyoharibika tu, akaijazia.

"Palipo pazima pa nini kupabomoa?" alisema. "Kiraka hiki kitakaa miaka. Lakini litafunie, mama, usiliogope. Na uje nilitazame kila mwaka."

Modesta aliitikia vizuri sana, kisha hakufanya hata moja. Raya, mwenzake wa meza ya jirani, alikwisha kumtia hofu: "Kiraka ni kiraka, shoga yangu. Jino likishazibwa mara mbili linasubiri koleo tu." Basi dagaa wote wakahamia gego la mbele yake, zima, lisilowahi kumsumbua. Miaka ikapita.

Asubuhi moja magunia ya visiwani yakafunguliwa. Modesta akabana dagaa. Kitu kikalia tko ndani ya taya, maumivu yakampanda mpaka sikioni. Akasimama amefumba mdomo, jasho linamtoka. Raya alimtazama kwa jicho la "si nilikwambia?"

"Shikamoo, dokta," Modesta alisema alipofika Nyakato. "Kiraka chako kimeniua."

"Marahaba. Ni lipi linalouma?"

"Upande wote huu. Ukiling'oa, dokta, mimi ndiyo basi. Nitakuwa kama mama."

Mzee alimfungua mdomo akatazama. Akagonga gego la mwisho kwa kijiti chake cha chuma. Modesta aling'ang'ania kiti, akisubiri. Hakuna kitu. Mzee akapitisha ncha ukingoni mwa kiraka, polepole, akitafuta ufa, na Modesta akaona anachelewa mno, akaanza kusali kimoyomoyo. Kisha likagongwa la mbele yake. Alipiga yowe mpaka waliokaa kwenye benchi nje wakanyamaza.

"Kiraka hakijatikisika," mzee alisema. "Hili zima ndilo limepasuka mpaka kwenye mzizi. Itabidi ling'oke leo."

"Hilo? Hilo ndilo nililokuwa nalitegemea!"

"Najua. Umelibebesha kazi ya mawili."

Hasira zilimpanda, asijue amkasirikie nani, Raya mwenye mdomo au yeye mwenyewe aliyemsikiliza. Alikuwa amekaa akilinda ufa uliokwisha kuzibwa, ukuta ukabomoka pembeni.

Uvimbe ulipopungua akarudi Mwaloni. Gunia likafunguliwa. Akachota dagaa, akamsukuma nyuma kabisa, kwenye kiraka. Taya ikamgomea. Raya alikuwa anatazama. Modesta akafumba macho, akabana.

Dagaa akavunjika kwa mlio.

"Wamekauka," alisema, machozi yakimlengalenga, akachota mwingine.