Mashuka ya Maua Juu ya Bati

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijapata nguvu, Paka yuko juu ya paa tayari. Amepiga goti pembeni mwa bati jipya, misumari mitatu ameibana kwenye pembe ya mdomo, nyundo mkononi. Nyuma yake, mabati aliyokwisha kuyapigilia yamefunikwa mashuka mawili ya maua, yamefungwa kwa kamba yasipeperuke.

Mpita njia anasimama, anatazama juu. "Fundi, huko mnaezeka au mnaanika?"

"Tunalaza bati," Paka anajibu bila kugeuka. "Limekesha."

Paka si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa namna anavyotembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, bila kushika kitu. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo imeishia juu ya mapaa ya watu. Mashuka ni ya mkewe, Mama Pacha, na mtaa mzima umeshayacheka mpaka umechoka. Mwenyewe hana habari nao. Miezi mitatu iliyopita, huyu bwana alikuwa na hakika kwamba anakuwa kipofu.

Kazi hii hufanywa na watu wawili. Mmoja yuko juu anapiga misumari, mwingine yuko ndani, chini ya paa, ameinua uso. Msumari ukiingia kwenye mbao, wa chini haoni kitu. Ukiikosa mbao, ncha hutokeza peke yake ikining'inia, naye hupaza sauti: "Hewa." Msumari wa hewa ni tundu, na tundu lisipozibwa, mvua ya kwanza itamkuta mwenye nyumba kitandani.

Anayekaa chini ni shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, mtu ambaye mdomo wake hauna breki.

"Paka nilimzoea kwa hewa moja, mbili, nyumba nzima," anasema. "Kiangazi hiki kilipoanza, siku moja nilihesabu kumi na nne kabla ya saa nane mchana. Nikamtania, nikamwambia kama kuna mwanamke anakuchanganya, mimi nitakusemea kwa dada. Hakucheka. Paka huyu asicheke? Nikajua hapa kuna jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa macho. Yalikuwa yanakwaruza kana kwamba yametiwa mchanga. Kila jioni yalikuwa mekundu na yanachuruzika machozi. Mstari wa chaki anaoufuata kupigilia misumari ukawa unamchezea, mara uko hapa, mara hauko. Kisha asubuhi moja, akinyoa ndevu, akakiona kitu.

"Kinyama," anasema Paka. "Kimetokea upande wa pua, kinatambaa kuelekea kwenye weusi wa jicho. Nikasema basi, zamu yangu imefika."

Zamu, kwa sababu baba yake, aliyemfundisha ufundi huu, huu ni mwaka wa tisa haoni zaidi ya mwanga wa mlangoni. "Kazi hii inakula macho," mzee humwambia kila anayemuuliza. Nyumbani kwao maneno hayo yalipokewa kama hukumu ya mahakama, na hakuna aliyekata rufaa.

Paka akakaa kimya. Alinunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani, akachagua iliyo nyeusi kuliko zote. Akaongeza kofia pana, na dawa ya matone aliyoelekezwa na mtu asiyemjua. Akajiona amemaliza. Macho yakazidi kuwaka moto.

Aliyemshika ni mkewe. Jioni moja Paka alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina.

"Nilipangusa meza," anasimulia Mama Pacha. "Kesho yake nikavaa nguo ya kutokea mapema. Nikamwambia, baba, leo hupandi popote, unakwenda na mimi. Akauliza wapi. Nikasema wewe si huoni, utajuaje?"

Alikwenda shingo upande. Kwenye benchi la kliniki ya macho walikaa saa tatu nzima, na Paka anakiri kwamba muda wote huo alikuwa anapanga maneno ya kuwaambia watoto. Daktari, mama wa maneno machache, alimtazama kwa mashine jicho moja baada ya jingine, akarudia la kwanza.

"Kinyama hakijafika kwenye mboni," akasema. "Kwa ndani macho yako ni mazima. Huhitaji kupasuliwa sasa, ila ukiendelea hivi utarudi hapa."

"Nilimwomba arudie," anasema Paka. "Akarudia. Nikamwomba tena, eti mke wangu asikie."

"Nilikuwa nimeshasikia," Mama Pacha anadakia. "Lakini mwanamume mzima analia kwa furaha, unamkatizaje?"

Daktari akaitaka ile miwani. Akaeleza kwamba weusi peke yake si kinga. Kioo kikiwa cheusi tu, mboni hufunguka ikidhani ni giza, na miale inayounguza, ile isiyoonekana, hupita kwa wingi zaidi. Achague iliyoandikwa UV 400, yaani inayozuia miale hiyo, tena inayofunika mpaka pembeni. Yale matone ya mitaani akayatia kwenye pipa la taka mbele yake, akampa dawa yake.

Kisha akauliza swali ambalo Paka hajalisahau: jua linakupiga kutoka wapi?

"Nikamwonyesha juu. Akasema, na bati jipya linafanya nini? Miaka ishirini na miwili navaa kofia, kumbe jua langu linatoka chini."

Hapo ndipo mashuka yalipoingia kazini, kuufunika mng'ao wa bati. Siku hizi Paka huezeka kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, hushuka, hurudi saa kumi jioni. Nyumba zinachelewa kwisha kwa siku mbili tatu, na wapo wenye nyumba wanaonung'unika. Lakini macho hayachuruziki tena, mstari wa chaki umetulia, na shemeji analalamika kwamba hana kazi huko chini: mwezi mzima, hewa tatu.

Siku ile walipokuwa wanaaga, Mama Pacha alimgeukia daktari akamtajia mkwewe.

"Huyo mzee mmewahi kumleta?" daktari akauliza.

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi. Daktari akasema kwa wanavyoeleza huenda ni mtoto wa jicho, jambo linalotibika mara nyingi, lakini hawezi kusema bila kumwona.

"Hapo nilipofurahi ndipo nilipoona aibu," anasema Paka, na kwa mara ya kwanza anaacha kutabasamu.

Wiki iliyopita mzee alipimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia linafanyiwa upasuaji Jumanne ijayo. Daktari ana matumaini, na nyumba nzima imeshindwa kulala vizuri kwa sababu hiyo. Paka alimuuliza baba yake angependa kuona nini kwanza.

"Nyuso zenu nazijua kwa mkono," mzee akajibu. "Nipeleke nikaone paa uliloezeka wewe. Miaka tisa watu wananisifia mwanangu, na mimi hao watu siwaamini."

Paka ameshachagua nyumba ya kumpeleka. Ni ile ambayo mzee alishuka kwenye ngazi katikati ya kazi, akasema haoni tena. Upande mmoja wa paa ni wa baba. Ule wa pili aliumalizia mwana, peke yake, na mzee hajawahi kuuona.