Uchungu Aliolima Nao Bibi Veronika

Nakumbuka masika moja ya ujana wangu, miaka ya hamsini, kule Mofu, mto ulipopanda ukameza mpunga wetu wote. Maji yalipoanza kushuka, homa ikamchukua Anton, mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mwanangu unayenisoma, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nililala nimeugeukia ukuta. Majirani walikuja wakasema, baada ya dhiki faraja. Walisema kwa wema, lakini maneno hayakuniingia. Uji nilikataa, hata kuoga nilikataa.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja alinifunga khanga, akanishika mkono hadi kwenye mtumbwi, tukavuka kwenda upande wa Lupiro, kwa rafiki yake wa utotoni, Bibi Veronika. Tulimkuta shambani. Ukoma ulikuwa umemla vidole, na jembe alikuwa amelifunga mkononi kwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefiwa? Kaa hapo."

Kisha akanisimulia maisha yake. Ugonjwa ulipoonekana, mumewe alimrudisha kwao. Ndugu zake wakamjengea kibanda mbali na kijiji. Chakula wakawa wanakiweka juu ya kichuguu na kuondoka haraka. Binti yake alikua akimwona kwa mbali tu.

"Nilitaka kufa," alisema. "Sikufa, njaa ikaniuma. Siku moja waliniletea boga. Nikala, mbegu nikazipanda. Vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi, nikazishika kwa midomo."

"Na uchungu uliisha lini, bibi?" nikamwuliza. Tangu tumzike Anton sikuwa nimemwuliza mtu jambo lolote.

Akanitazama sana. "Nani kakwambia uliisha? Ninalima nao."

Hapo nililia kwa sauti. Nilipoinua uso, mama mkwe naye alikuwa analia, na ndipo nilipotambua kwamba huyu mama alikuwa amefiwa na mjukuu, na muda wote amekuwa akinibembeleza mimi. Bibi Veronika akapika majani ya maboga. Tulikula wote watatu.

Msimu uliofuata nilirudi shambani. Nilizaa tena, nikalea. Anton sijamsahau.

Ukubwani nilijifunza kusoma, na tangu hapo natafuta vitabu vya watu waliosimulia wenyewe yaliyowapata. Wajukuu hunishangaa: bibi, kwa nini unasoma huzuni? Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini maisha ya mtu mmoja ni mafupi mno kuona yote.

Basi mwanangu, soma simulizi za kweli za waliobebeshwa mazito. Usizisome ili kupima machozi yako na yao. Kila mtu na mzigo wake. Anayekwambia aliumia jana na leo amepona kabisa, msikilize kwa tahadhari. Mshike yule anayekueleza kesho yake aliamkaje, alikula nini, nani alimkaribia wengine walipokimbia. Na wewe yakikukuta, siku utakapoweza, yaseme bila kuyapamba. Yupo atakayeyahitaji.

Mungu akuepushe na makubwa. Na lile asilokuepusha nalo, akupe nguvu za kulibeba na watu wa kukaa nawe. Amina.