Nafasi ya Mtu Mmoja, Meza ya Dirishani

Chizuru Kurashina alibeba nyungo za tambi kwa miaka thelathini na sita kabla ya kukalia kiti hata kimoja cha mgahawa wake mwenyewe. Nikisema wake mwenyewe nakosea kidogo, kwa sababu mgahawa wa Tsurumaya ni wa ukoo wa mumewe. Mumewe, Yoshinari, ni kizazi cha nne kukanda unga wa tambi za soba pale, tangu baba wa babu yake alipotundika pazia la buluu mlangoni. Chizuru aliolewa tu. Lakini ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa wetu Tsurumaya ni nani, atakutajia yeye, maana ndiye anayekukaribisha, ndiye anayekumbuka kuwa hupendi vitunguu, na ndiye anayekuletea maji ya moto kabla hujayaomba.

Mimi ninauza karatasi na brashi, na duka langu linatazamana na mgahawa huo. Nakula pale mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo mengine ya habari hii niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe akiwa ameegemea kaunta yangu, amekasirika.

Watu wa Tsurumaya hula saa tisa alasiri, pazia likishashushwa. Hula wamesimama jikoni, haraka haraka: vipande vya tambi vilivyokatwa vibaya, ncha zilizovunjika za tempura, yaani kamba na mboga za kukaangwa kwa rojo la unga, supu ya miso ya soya na yai. Mchuzi wa kuchovya tambi hawaugusi. Marehemu baba yake Yoshinari alisema mchuzi ule ni wa mteja, na neno la marehemu katika nyumba ile halina rufaa.

"Unajua kinachoniudhi, Bwana Oguchi?" Chizuru aliniambia siku moja mwezi wa kumi. "Watu wananisifia. Wanasema, Mama, soba ya leo tamu kweli. Nami nainama, nashukuru. Nashukuru kwa kitu nisichokijua. Niko kama muuza viatu asiye na miguu."

"Si uonje tu kule jikoni?"

"Kuonja si kula. Nataka kukaa. Nataka soba ya mavuno mapya, iletwe mbele yangu na mtu mwingine, niimalize yote kabla haijalegea, na asiniite mtu. Mara moja tu."

Mwezi wa kumi na moja alikuwa anatimiza miaka sitini. Kwetu mtu akifika sitini huvalishwa kizibao chekundu, watu wakapiga picha, wakacheka. Yoshinari alikuwa ameshakinunua. Chizuru akamwambia hataki kizibao, anataka kiti.

"Na nani atahudumia?" Yoshinari akauliza.

"Kanae atakuja kutoka Nagoya." Kanae ni binti yao.

"Kanae anavunja vikombe."

"Basi funga siku moja."

"Nikifunga, nani atakupikia? Si nitakuwa nimefunga?"

Ukitaka kumjua Yoshinari, huyo ndiye. Hana ubaya hata kidogo, lakini kila ombi analigeuza hesabu, na hesabu zake zote jibu lake ni hapana. Na akishindwa yeye, yuko mama yake. Bi. Masue ana miaka themanini na saba, na hukaa nyuma ya kaunta ya mlangoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, mgongo umenyooka kama brashi mpya.

"Mtu wa nyumba hakai kiti cha mteja," Bi. Masue alisema.

"Mama, ni nusu saa tu."

"Mimi nimekaa wapi miaka yote hii? Nyuma ya kaunta. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

"Kila siku, Mama."

Mazungumzo yakaishia hapo. Zikapita siku tatu, Chizuru anaweka vikombe mezani kwa nguvu kuliko kawaida. Siku ya nne akavuka barabara, akaingia dukani kwangu bila salamu.

"Niazime simu yako."

"Yako imeharibika?"

"Mama mkwe ataitambua namba yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa anachofuata. Bi. Masue ana daftari la wateja wanaoagiza nafasi kwa simu, na ana kanuni moja kuhusu daftari hilo: jina likishaandikwa halifutwi. Siku waliyomzika mumewe, alifungua mlango mchana kwa ajili ya watu wawili waliokuwa wameandikwa wiki moja kabla. Akawahudumia akiwa na nguo za msiba, kisha akarudi makaburini.

Chizuru akapiga. Nilisikia sauti ya Bi. Masue ikitoka upande wa pili, na nikamwona mwenyewe kwenye dirisha lao, simu sikioni.

"Tsurumaya hapa, asante kwa kutupigia."

"Naitwa Komaki." Hilo ndilo jina la ukoo wake kabla hajaolewa. "Naomba nafasi ya mtu mmoja. Jumanne ijayo, saa sita na nusu."

Pale dirishani kichwa cheupe kikatulia. Kikageuka taratibu kutazama barabarani, na Chizuru akajibanza nyuma ya rafu yangu ya bahasha.

"Komaki wa wapi?"

"Wa Iiyama."

"Mtu mmoja, umesema."

"Mmoja."

"Utakaa kaunta au mezani?"

"Meza ya dirishani. Soba baridi na tempura."

Pale dirishani Bi. Masue akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Nimeandika," Bi. Masue akasema, akakata simu.

Jumanne ilipofika, nayo ndiyo siku yake ya kuzaliwa, Chizuru alitoka kwa mlango wa nyuma saa sita na robo, akaja kungojea kwangu, kwa sababu mteja mwenye adabu hafiki mapema. Alivaa gauni la sufu la kijani kibichi ambalo sikuwahi kuliona. Mikono yake haikujua ikae wapi bila sinia.

"Mbona hutulii?" nikamwuliza.

"Nimetulia. Nina njaa. Sijala tangu jana ili nipate nafasi tumboni."

Nilimtangulia, nikakaa meza yangu ya kila siku. Mgahawa ulikuwa umejaa nusu. Kanae, aliyeitwa na mama yake kutoka Nagoya, alikuwa amefunga aproni ya mama yake na tayari alikuwa ameshavunja kikombe kimoja. Saa sita na nusu kamili pazia likafunguka. Bi. Masue akainua kichwa, akatazama daftari, akamtazama mkwe wake toka viatu mpaka nywele, kisha akainama chini kabisa.

"Karibu sana, Bi. Komaki. Tulikuwa tunakungoja."

Chizuru naye akainama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, siyo kwa hilo, maana alisahau kutembea mpaka Kanae alipomshika kiwiko.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Yoshinari. "Mama Kanae, uko wapi? Meza ya pili wanataka chai."

"Mama Kanae hayupo," Bi. Masue akajibu. "Yupo mteja wa dirishani. Soba baridi na tempura."

Jikoni kisu kikasita, kisha kikaendelea kukata.

Sasa, kukaa siyo kazi rahisi kwa mtu aliyesimama miaka thelathini na sita. Mlango ukifunguka, Chizuru anainuka nusu. Kikombe kikigonga meza, shingo inageuka. Yule kijana wa posta, Nagata, akamnyoshea kikombe kitupu bila hata kuangalia. "Mama, chai kidogo."

"Leo mimi ni mteja," Chizuru akasema.

Nagata akacheka, akabaki amenyosha kikombe. Mkono wa Chizuru ulikwenda wenyewe, akaurudisha kwa mkono mwingine. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, na hasira nyingi alijielekezea mwenyewe.

Hatimaye chakula kikaja. Tambi nyembamba juu ya ungo mdogo wa mianzi, za kijivu chenye ukijani kama inavyokuwa soba ya mavuno mapya, tempura pembeni, na kikombe cha mchuzi mweusi. Alivitazama kidogo. Akaachanisha vijiti vyake viwili, akachukua tambi, akazichovya, akazivuta kwa mlio kama inavyotakiwa.

Akaacha kutafuna.

Akachukua nyingine, safari hii akichovya ncha tu. Akameza. Akaweka vijiti chini.

"Una chumvi," akasema, polepole, kama anayejiambia.

Dirisha la jikoni halina pazia, na Yoshinari ana masikio. "Nini?"

"Mchuzi una chumvi. Nyingi."

"Miaka thelathini, nani amelalamika?"

"Hakuna."

Akaanza kutazama meza moja baada ya nyingine. Mnajua kwamba mtu akimaliza soba huletewa yale maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, kwenye birika jekundu, akayamimina katika mchuzi uliobaki, akanywa. Mwishoni. Mchana ule birika lilikuwa juu ya kila meza, na tambi za kwenye nyungo zilikuwa hazijaliwa hata nusu. Nagata alikuwa ameshamimina mara mbili kuuzimua mchuzi wake. Mimi birika langu lilikuwa jepesi.

"Bwana Oguchi," Chizuru akaniita. "Tangu lini unaomba maji kabla hujamaliza kula?"

Nikaviangalia vijiti vyangu. "Kama mwaka jana hivi."

"Mwaka jana."

"Au mwaka juzi."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, Mama? Nilidhani watu wa nyumbani mnajua."

"Na mimi nilikuwa nawaletea," akasema. "Nilifikiri mnayapenda. Nikawa nayaleta hata kabla hamjaomba, nikijiona hodari."

Sijawahi kuona aibu kubwa hivyo katika maisha yangu, na ilitosha kila meza. Nagata akafunika birika lake kwa kitambaa, kana kwamba halijaonekana.

Yoshinari akatoka jikoni akijifuta mikono. "Huo ni mchuzi wa Baba. Vipimo vya Baba. Naonja kila asubuhi."

Hapo Bi. Masue akashuka kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo halifanyi wateja wakiwepo. Akafika dirishani, akachukua kikombe cha Chizuru na vijiti vya Chizuru, akachovya, akalamba.

"Huu siyo wa baba yako," akasema.

"Mama, wewe ulimi wako una miaka themanini na saba."

"Na wako una sitini na mitano, nao umechoka. Mara yangu ya mwisho kuuonja mchuzi huu baba yako alikuwa hai. Mimi nakaa mlangoni nainamia watu, kumbe wanatoka hapa na kiu."

"Sasa nifanye nini? Mtungi mpya wa mchuzi unataka wiki mbili kutulia."

"Ungeuliza mapema."

"Ningemwuliza nani? Hakuna aliyesema."

Kanae naye akaja na kauli yake, kwamba hata Nagoya watu hutumia kipimo cha chumvi cha mashine siku hizi, na baba yake akamwambia arudi Nagoya na kipimo chake. Watatu wakasimama kuizunguka meza ile, kikombe kiko mkononi mwa bibi, vijiti viko mkononi mwa bibi, tempura inapoa, na tambi za mavuno mapya zinalegea juu ya ungo. Mwenye siku ya kuzaliwa alikuwa katikati yao, njaa ya tangu jana tumboni, na hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Mnasikia?" akasema. Hawakusikia. "Baba Kanae." Hakusikia.

Basi akanyosha mgongo, akainua mkono kidogo, akaita kama mteja anavyoita.

"Samahani."

"Ndiyo, karibu," wakajibu wote watatu kwa pamoja, wakageuka, vichwa vimeinama. Miili yao ilikuwa imeshafundishwa.

"Tambi zangu zimelegea," Chizuru akasema. "Naomba ungo mwingine. Bila mchuzi."

Yoshinari akafumba na kufumbua macho. "Utazila na nini?"

"Na meno."

Mtu fulani alicheka, nadhani ni mimi. Yoshinari akasimama kidogo, kisha akaingia jikoni bila kutoa hesabu yoyote. Tukasikia unga unanyunyizwa, kisu kinashuka, maji yanachemka. Bi. Masue akapita meza hadi meza, akichukua kikombe cha kila mtu kwa mikono miwili na kuomba radhi, akisema mchuzi wa leo umekwisha.

Ungo wa pili aliuleta Yoshinari mwenyewe. Aliuweka mbele ya mkewe, akageuza upande mzuri umwelekee, akarudi nyuma hatua moja.

Chizuru akachukua tambi tupu, akazivuta. Akatafuna polepole. Akachukua tena. Nagata alinyosha kikombe, Kanae akakimbia na chai, mlango ukafunguka wakaingia watu wanne, na mara hii shingo yake haikugeuka.

"Je?" Yoshinari akauliza, mikono ndani ya aproni.

Mdomo wa Chizuru ulikuwa umejaa. Akamwinulia kiganja asubiri, akaendelea kutafuna, na mumewe akasubiri.