Ukoo Wetu Ulivyomjadili Mdogo Wangu

Ukoo wetu una huruma nyingi. Mama yetu alipofariki hospitalini Tandala, mdogo wangu akiwa bado hajaanza shule, kila ndugu alitaka kumhurumia. Tatizo ni kwamba kila mmoja alimhurumia kwa muda mfupi, kisha akampitisha kwa mwenzake kama watu wanavyopitishiana mtoto anayelia ibadani. Alianzia kwa bibi, kijijini Ipelele. Bibi alipoanza kuumwa miguu, mtoto akapelekwa kwa mama mdogo. Mama mdogo alipoolewa, mume akasema yeye alioa mke, hakuoa mizigo. Ndipo mtoto akapakiwa kwenye basi na kifurushi chake hadi Njombe mjini kwa baba mkubwa, mzee wa kanisa na mfanyabiashara wa mbao, mwenye nyumba ya vyumba vingi kuliko watu.

Mimi nilikuwa na bahati. Kabla ya hayo yote, shangazi wa Lyamkena, pale Makambako, alinichukua nikasome kwake kwa sababu hakuwa na binti wa kumsaidia kazi. Alikuwa na mdomo mkali na mkono mzito, lakini kila jioni nilijua nitakula wapi na nitalala wapi, na kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Mdogo wangu ndiye aliyebaki na wazazi. Ndiye aliyejificha nyuma ya magunia ya viazi baba aliporudi kutoka kilabuni na kuanza kumpiga mama. Baada ya msiba baba naye aliaga, akasema anakwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai. Mpaka leo bado anaitafuta.

Kuhusu mambo hayo watu wazima walikuwa na imani moja. "Mtoto hana kumbukumbu," baba mkubwa alisema mbele yangu. "Akila akashiba, kesho amesahau."

Basi mtoto huyo aliyesahau alikuwa akikojoa kitandani. Dawa ya baba mkubwa ilikuwa rahisi: kila alipokojoa, alibeba godoro mwenyewe hadi mbele ya nyumba, kando ya barabara, akasimama nalo ili wapita njia wamwone. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba, wakati majani yamekuwa meupe kwa sakitu, anajua kusimama nje na gauni lililolowa ni nini. Watu wakielekea sokoni walimsalimia "kamwene" wakacheka. Baba mkubwa aliita hayo malezi. Nilipokwenda likizo nilimkuta mdogo wangu hawezi kusikia mlango ukigongwa bila kumwaga chai. Mama mkubwa alisema ana mapepo, wakayaombea mapepo. Godoro liliendelea kutolewa nje.

Alipata kipaimara akiwa na miaka kumi na minne. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza cherehani, nikamshonea gauni jeupe lenye mikono mirefu. Sherehe ilifanyika kwa baba mkubwa. Mbele ya nyumba kulikuwa na mchungaji, wali na soda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ndoo za ulanzi, pombe ya mianzi, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua na mianzi ilikuwa inatoa kwelikweli. Gari la mchungaji lilipokata kona, ndoo zilihamia mbele bila aibu.

Baba mkubwa mwenyewe, mzee wa kanisa, alitujazia vikombe. "Leo umekuwa mtu mzima mbele za Mungu," akamwambia mdogo wangu. "Kunywa upate joto."

Haukuwa ule ulanzi mtamu wanaopewa watoto. Ulikuwa mkangafu, uliolala ndooni ukakolea. Mimi nilimeza mafunda mawili matatu nikakunja uso, kichwa kikaniuma, nikaenda kutafuta maji. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu amekaa juu ya rundo la mbao, kikombe kitupu, mabega yameshuka. Tangu azaliwe sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Siku zote alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa na polisi.

"Dada," akaniambia polepole, "kumbe ndani kunaweza kukanyamaza."

Nikacheka. Nilidhani ni pombe inayoongea. Sote wawili tulizaliwa na mama mmoja na tulinywa kutoka ndoo moja. Mimi nilitoka pale na kichwa kinachouma, na yeye alitoka amepata mahali pa kupumzika. Mtu akishapaona mahali hapo kwa mara ya kwanza maishani, nani atamzuia asirudi?

Alirudi. Ulanzi ulipoisha msimu, alihamia kwenye pombe kali za vichupa vya plastiki, zile zinazoenea kwenye mfuko wa sketi. Alipofika kidato cha pili alikuwa anakunywa kabla ya kwenda darasani. Walimu walipogundua walifanya jambo la maana sana: wakamleta mgeni mwenye kipaza sauti. Wanafunzi walisimama uwanjani kwenye ukungu, wakafundishwa kujibu kwa pamoja "Hapana!" kila mgeni aliposema "Pombe!" Mdogo wangu naye alijibu, tena kwa sauti, kwa sababu alikuwa amelewa. Wakamsimamisha masomo.

Baba mkubwa alisema ana mbao za kupakia, nikaitwa mimi shuleni kama mlezi. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinieleza kwa upole: "Chanzo ni makundi mabaya."

"Makundi yapi, mwalimu?"

"Marafiki."

"Mdogo wangu hana rafiki hata mmoja. Nitajieni mmoja nimfuate kwao."

Akavaa miwani, akaivua. "Basi ni utandawazi," akasema.

Ndipo ukoo ukaitisha kikao. Tulikutana Njombe, sebuleni kwa baba mkubwa, siku ya Jumapili baada ya ibada. Ajenda ilikuwa moja, ulevi wa mtoto. Kwa kuwa ilikuwa baridi na wajumbe walikuwa wametoka mbali, ulanzi uliletwa. Sitanii. Walijadili pombe huku kikombe kikizunguka, na kila aliyetaka kuongea alipangusa kwanza povu mdomoni.

Mmoja alisema ni damu ya baba yake. Mwingine akasema ni laana, kaburi la mama halijajengewa. Baba mkubwa alisema ni shibe. "Nimemlisha, nimemvisha, nimemsomesha. Mtoto hakukosa kitu!"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho sakafuni. Hakuna aliyemuuliza lolote. Kikombe kilipofika kwa shangazi yangu wa Lyamkena, alikiweka chini bila kukigusa.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Kati yetu sisi wote hapa, nani aliwahi kumwambia mtoto huyu: hapa ndipo kwenu, huondoki tena?"

Mtu alikohoa.

"Dada, tusirudi nyuma," baba mkubwa akasema. "Leo tunajadili pombe."

"Na mimi najadili pombe, kaka."

"Hayo ni mambo ya zamani. Mtoto alikuwa mdogo, hakumbuki."

Shangazi alimgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, unakumbuka?"

"Nakumbuka yote, shangazi," akajibu. Hakuinua macho. Mama mkubwa akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Baada ya hekima nyingi na ndoo ya pili, kikao kilifikia uamuzi. Mtoto apelekwe Ludewa kwa ndugu mmoja wa mbali, akabadilishe mazingira. Yaani aliyeharibiwa kwa kuhamishwahamishwa atibiwe kwa kuhamishwa. Nilisikia masikio yanawaka. Nikasimama, mimi ambaye kikaoni hutakiwa kuleta maji ya kunawa tu.

"Anakwenda na mimi Makambako," nikasema. "Na hatoki tena."

"Wewe una chumba kimoja," baba mkubwa akanikumbusha.

"Ndiyo, baba mkubwa. Kinatutosha."

Ningependa kusema kwamba tulifika Makambako akapona. Alichofanya ni kulewa wiki hiyo hiyo, na iliyofuata. Nilimtoa kwenye vibanda vya karibu na stendi, analia, ananitukana, ananiomba msamaha, vyote kwa pamoja. Siku moja alitoroka, nikamkuta kwenye maegesho ya malori amelala juu ya nyasi, kiatu kimoja hakipo. Nilimpeleka kliniki, tukakutana na mshauri, dada mmoja kijana ambaye hakuwa na kipaza sauti.

Huyo hakumuuliza kwa nini anakunywa. Alimuuliza, "Ulipokuwa mdogo, ukiogopa ulikuwa unamkimbilia nani?"

Mdogo wangu alifikiri sana. "Magunia ya viazi," akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Mshauri alitueleza kwa maneno ya kawaida. Mtoto anayekua kwenye hofu isiyoisha, mwili wake hujifunza kukesha, na hausahau ukishajifunza. Akifika ujanani akakutana na kileo, mwenzake anapata starehe, yeye anapata usingizi wa kwanza. Ndiyo maana kileo humkamata haraka na kumwachia kwa taabu.

"Kwa hiyo ni damu ya baba, au ni sisi?" nikauliza.

"Damu inaweza kuchangia," akasema. "Lakini damu haikumhamisha nyumba."

Tulirudi tena na tena. Kuna miezi alikaa bila kugusa kitu, na kuna msimu mmoja wa ulanzi uliotuangusha wote wawili, yeye kwa kunywa na mimi kwa hasira. Hakuwahi kurudi shule. Sasa ana miaka kumi na tisa, anachambua parachichi kwenye ghala la kupakia, makubwa huku, madogo kule, yaliyochubuka pembeni. Jioni anarudi tunapika. Akichelewa naogopa, akifika naacha kuogopa. Ndiyo maendeleo yetu.

Mwezi uliopita baba mkubwa alitutembelea. Siku hizi anaongoza semina za vijana kuhusu madhara ya ulevi, na anasifiwa sana. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, akanywa chai, kisha akamwambia mdogo wangu kwa sauti ya upendo: "Mwanangu, tunataka uje Njombe utoe ushuhuda. Uwaeleze vijana jinsi maombi ya ukoo yalivyokutoa kwenye pombe."

Mdogo wangu alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazini. "Ushuhuda hutolewa na mtu aliyemaliza, baba mkubwa. Mimi sijamaliza."

"Basi sema umemaliza."

Tuliangaliana, mimi na yeye, tukaangua kicheko mpaka mguu wangu ukakanyaga cherehani ikashona hewa. Baba mkubwa alinuna. Alimalizia chai yake, akachukua maparachichi aliyokuwa amewekewa, akasema lazima awahi basi kabla ukungu haujashuka barabarani. Mdogo wangu alimsindikiza hadi njiani kwa heshima zote, akampa mkono, kisha akakata upande wa pili kwenda ghalani. Alikuwa na zamu.