Feni Nne Zilizonyamaza

Mpaka leo nikimkumbuka yule fundi damu inanichemka, ingawa sasa najua si yeye peke yake aliyestahili hasira zangu.

Nina studio ndogo hapa Lushoto mjini, chumba kimoja tu, upande mmoja pazia la bluu la picha za pasipoti na upande wa pili meza ya kompyuta. Harusi, kipaimara, mahafali, misiba, vyote napiga na kuhariri mwenyewe. Nilikuwa nimeweka kadi mpya ya video ili kazi ziende haraka, na kadi ile ikadai umeme mwingi kuliko pawa saplai ya zamani ilivyoweza kutoa. Nikaagiza pawa saplai kubwa zaidi, nikamwita fundi kutoka Mombo aje kuifunga. Ningeweza kuifunga mwenyewe, lakini siku aliyopata nafasi mimi nilikuwa na harusi. Nikamwachia studio pamoja na mama yangu mzazi, ambaye tangu atoke Bungu kuja kuishi nami hushinda pale kwenye kiti chake nyuma ya meza, kitenge juu ya sweta.

Niliporudi jioni fundi alikuwa keshaondoka. Mashine inawaka, sanduku la sipiyu limefungwa vizuri, hata vumbi amelifuta. Mama akasema fundi yule ana adabu sana, wazazi wake wamemlea.

Wiki mbili nilifanya picha ndogondogo, sikuona tatizo lolote. Kisha akaja mwanamume mmoja kutoka Magamba, anayefanya kazi kwenye bustani ya miche ya misitu. Alikuwa amefiwa na mke. Marehemu alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na miaka minne nyuma mimi ndiye niliyerekodi tamasha lao. Katika wimbo mmoja alitoka mbele akaimba peke yake.

"Dada, hakupenda kabisa kupigwa picha," aliniambia. "Kwenye simu yangu ninazo mbili, zote kajifunika uso kwa mkono. Arobaini ni Jumamosi. Nataka mtoto amwone mama yake akiimba. Ana miaka mitatu na nusu, atamsahau."

Nikamwambia hiyo video ninayo. Nilisema kifua mbele, jamani! Ilikuwa kwenye diski ya zamani iliyomo ndani ya mashine ile ile, na nakala nyingine sikuwa nayo popote. Mimi, ninayewasema wateja kila siku kwa kutotunza nakala za harusi zao! Naona aibu hata kuiandika.

Jumanne asubuhi nikaanza kuikata ile sehemu. Dakika kumi hazikuisha, mashine ikazima. Nikadhani umeme umekatika, lakini taa inawaka na redio ya duka la jirani inapiga kelele. Nikaiwasha, ikazima tena. Mara ya tatu nikaweka kiganja juu ya sipiyu nikakitoa haraka. Bati lilikuwa la moto kama mfuniko wa sufuria. Na huo ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka mlangoni, wateja wanasugua mikono kabla ya kukaa kwenye stuli.

Nikampigia fundi.

"Feni inazunguka?" akauliza.

Nikachungulia kwenye matundu. "Naona moja, ile ya katikati."

"Basi hiyo ni mazabodi, dada. Imechoka."

"Imechokaje? Kabla hujaja ilikuwa nzima!"

"Vitu vya umeme haviagi, dada. Hivi shemeji yupo hapo? Ningemweleza yeye vizuri."

Hivi mnamsikia? Shemeji! Mume wangu ni mwalimu wa historia, na nyumbani kwetu balbu ikiungua mimi ndiye ninayepanda kiti. Fundi akaendelea kunishauri niipakie mashine kwenye basi hadi Tanga, kuna mwenzake ataibadilisha hiyo mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, wiki moja tu. Wiki moja, na arobaini ni Jumamosi! Nikamtolea uvivu, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikakata simu.

"Usimfokee mtoto wa watu," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nilichukua bisibisi nikafungua ubavu wa sipiyu, nikaiwasha ikiwa wazi. Feni iliyokuwa ikizunguka ni ile ndogo inayokaa juu ya prosesa. Zile nne kubwa, mbili za mbele zinazovuta hewa na mbili za nyuma zinazoitoa, zilikuwa kimya. Hazitetemeki hata kidogo. Feni nne hazifi siku moja, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Nikachomoa moja ya nyuma nikaichomeka moja kwa moja kwenye mazabodi, hiyo hiyo iliyosemwa imechoka. Ikazunguka vuu! Nikajaribu ya pili, vilevile. Kumbe feni ni nzima na mazabodi ni nzima. Kinachokosekana ni umeme.

Nikafuata nyaya. Zote nne zinakwenda nyuma, kwenye kisahani kidogo kinachogawa umeme, na kisahani hicho kina mkia wake mmoja unaotakiwa kuchomekwa kwenye pawa saplai. Nilitegemea kuukuta unaning'inia, fundi kausahau katika haraka zake, kosa la kibinadamu. Haukuning'inia. Ulikuwa umekunjwa vizuri, umezungushiwa utepe mweusi wa umeme, umefungwa kwenye nguzo ya ndani kwa kamba ya plastiki. Mtu mzima alikaa chini akaufunga kwa makusudi!

Hasira zikanipanda. Nikapiga simu tena, nikaweka na spika ili mikono yangu ibaki huru.

"Nani kakutuma uzime feni zangu?"

Akauliza taratibu, "Mama yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi tutaongea baadaye, dada."

"Tutaongea sasa hivi!"

"Mwache," mama akasema. "Ni mimi niliyemwambia."

Nikageuka. Alisema bila wasiwasi wowote, huku akikivuta kitenge magotini. Fundi alipoingia siku ile alimpa shikamoo, mama akaitikia marahaba, wakaulizana habari za wazazi. Ndipo mama akamwambia, mwanangu, hilo sanduku linanipulizia miguu mchana kutwa na magoti yangu ni mabovu, uzime huo upepo. Fundi akajaribu kueleza kwamba mashine inahitaji hewa. Mama akamwambia huku si Mombo kwenye joto, baridi hii inatosha kupoza hata chuma cha mhunzi. Naye fundi, huyo mwenye adabu, akazima.

Ebo! Anajua kazi yake, anajua mashine itachemka, lakini kumkatalia mama mtu mzima mara ya pili hawezi. Tena nilipompigia akaona afadhali aisingizie mazabodi isiyo na kosa, na ajivunjie jina lake mwenyewe, kuliko kunitamkia kwamba ni mama yako. Alimwulizia shemeji si kwa dharau, bali alitafuta mtu wa kumnong'oneza. Heshima ya namna gani hii inayounguza vitu vya watu? Na mimi je? Ningemfokea nani? Mama? Maneno yalinijaa mdomoni nikayameza yote.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeziwasha," akajibu.

Nikakata utepe, nikauchomeka mkia mahali pake. Feni zote nne zikaamka pamoja. Nikakihamishia kiti cha mama upande wa pazia, nikamfunika miguu kwa blanketi. Bati likapoa. Nikafikiri yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Diski ile ya zamani ilikuwa juu kabisa, mahali joto lote lilipokusanyika, na kule kuzimika ghafla mara kwa mara kukaimaliza. Nilipoanza kunakili video ikawa inagonga kwa ndani, tak, tak, tak, kisha kila kitu kinaganda. Jumatano nzima nilihangaika nayo. Alhamisi nikaitoa, nikaichomeka kwenye mashine ya mtu mwingine, nikairudisha, nikaipumzisha, nikaiomba. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Ijumaa asubuhi ilinipa kipande cha mwanzo, kisha haikuwaka tena.

Mchana wake yule bwana wa Magamba akaja na viatu vyake vya kazi, flashi mpya kaizungushia leso. Akampa mama shikamoo, akaja mezani. Nikamwonyesha kilichopo. Kwaya inaingia kwa mstari, na mkewe ni wa tatu kutoka mwisho, anaonekana mgongo, anashikilia joho lisikanyagwe. Sauti inayosikika ni ya mtu akitangaza utaratibu wa sadaka. Kisha inakatika.

"Na mbele yake?" akauliza.

"Haipo tena."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilifungua mdomo nimweleze habari za joto na diski, lakini mama alikwishasimama, kashika ukingo wa meza. Akamwambia yote kwa Kishambaa bila kujipunguzia: alichomwomba fundi, kwa nini, na alivyokaa wiki mbili akijua feni hazizunguki. Mwisho akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Yule bwana akainama. "Hamna neno, mama," akasema. "Wala usijali."

Hapo nikalipuka. "Lipo neno!" nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Usimwambie hamna neno! Tumekupotezea mkeo, halafu unatuambia tusijali? Mwambie!"

Sijawahi kupaza sauti vile mbele ya mama yangu. Nilisubiri anikemee. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa akimtazama yeye.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Mimi nakusikia."

Akakaa kwenye stuli ya picha. Akaanza kwa sauti ya chini, kwamba mtoto bado anamwita mama kila asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe kila siku sauti ya mkewe inazidi kumtoka kichwani. Kisha sauti yake mwenyewe ikapanda. Akamwambia mama yangu, mwanamke mwenye mvi, kwamba amemnyang'anya mkewe kwa ajili ya baridi ya magoti. Alisema hivyo hivyo, akilia. Mama akakaa, mikono mapajani, akamsikiliza mpaka alipomaliza.